Nilivyoacha kuwapa wanafunzi mchoro wangu

Nilipoanza kufundisha usanifu na teknolojia, karakana yangu ilikuwa nadhifu mno. Nachora kigoda ubaoni, vipimo vyote naviandika, na baada ya wiki kadhaa darasa zima linatoka na vigoda vinavyofanana kana kwamba vimetoka kwenye kalibu moja. Kila mtu alifurahi, nami nikiwemo. Siku moja nikamuuliza mwanafunzi mmoja, tena mwenye mkono mzuri wa randa, kwa nini miguu ya kigoda chake imeinamia nje. Akanishangaa: "Si ndivyo ulivyochora, Mwalimu?"

Jibu lile lilinikosesha raha. Muhula uliofuata nikageuka upande wa pili kabisa, nikawaambia wabuni chochote wapendacho. Wachache wakachora magari yanayoruka, wengi wakabaki wanaitazama karatasi. Mafaili yao, ambamo kila mmoja huweka mawazo kadhaa aliyoyachora kabla ya kuchagua moja, ndiyo yaliyoniumiza zaidi: "mawazo ya awali" yalichorwa usiku wa kuamkia kukabidhi kazi, kwa kalamu ileile, na yale yaliyokataliwa yalifanywa mabaya makusudi ili lililoshinda lionekane zuri. Mwalimu yeyote wa somo hili anayajua mafaili hayo.

Nilichofanya baadaye kilianzia maktaba ya shule. Mhudumu wetu alikuwa akikishika kitabu wazi kwa mkono mmoja huku akiandika kwa mwingine, siku nzima. Nikawapa darasa kazi hiyo: mtengenezeeni kishikio. Na sharti moja: hakuna atakayegusa mbao kabla modeli yake ya kadibodi haijavunjika mara tatu.

Kadibodi ilinifundishia kuliko mdomo wangu. Kundi moja liliunganisha vipande vinne kuwa fremu ya mraba, pini moja kila pembe. Wakaisukuma kidogo, ikalala upande. Wakaongeza gundi, ikalala tena. Kwa hasira mmoja akabandika kipande cha mshazari kutoka pembe hadi pembe, na fremu ikagoma kabisa kusogea. Sikusema neno, pembetatu walikuwa wameiona kwa macho yao. Msichana mmoja naye akagundua kwamba mifereji ya ndani ya kadibodi ikisimama wima inabeba kitabu kizito, ikilala inajikunja. Tulipofika kwenye nyuzi za mbao, ambazo nazo mwelekeo wake ndio unaoamua nguvu, yeye ndiye aliyewaeleza wenzake.

Modeli za kwanza zikapelekwa maktaba. Mama yule akazitazama, akacheka. "Wanangu, mmenipima hadi urefu wa mkono, lakini hakuna aliyeniuliza kama nafanya kazi nimekaa au nimesimama." Anasimama. Karibu zote zikaanza upya.

Mbao zilikuja na vituko vyake. Msumeno wetu hula karibu milimita 1.5 kila mkato. Kundi lililokata vipande 6 kutoka ubao mmoja, wakipima kimoja baada ya kingine, lilikuta cha mwisho kimepungua milimita 7.5 zilizoliwa na mikato mitano, na lawama zote zikaangukia rula. Nikawafagilisha unga wa mbao, nikawaambia milimita zenu hizo hapo.

Alama nazo nilizihamisha. Modeli iliyovunjika inaingia kwenye faili na tarehe yake, pamoja na sentensi mbili: kimevunjika wapi, na unafikiri kwa nini. Hizo zina alama nyingi kuliko msasa na vanishi. Gharama yake ipo, sifichi: vitu vinavyokamilika ni vichache, na rafu ya maonyesho sasa ina mabaki ya kadibodi ambayo wakubwa wangu wameshaomba yaondolewe mara mbili.

Kishikio kilichochaguliwa kipo maktaba na kinatumika. Kinayumba kidogo, Mama ameweka karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja. Wiki iliyopita niliwakuta waliokitengeneza wamepiga magoti pale, mmoja ameinua kishikio, mwingine anapima unene wa ile karatasi.