Taulo ya kike ya mkonge: nilikuwa nahangaikia mmea, kumbe shida ni kukausha

Jana usiku sampuli namba 31 ilibeba maji ya chumvi mara 12 ya uzito wake. Namba 4, iliyotoka kwenye fungu lilelile la mkonge, ilibeba mara 3 na kitu. Nyuzi ni zilezile, soda kali ya kuchemshia (kostiki, ile ya kutengenezea sabuni) ni ileile, sufuria ni ileile (hapana, sufuria si ileile, nitafika huko). Kilichobadilika ni namna ninavyokausha, na imenichukua miezi mitatu kulikubali jambo hilo.

Kwa aliyeingia leo: najaribu kutengeneza kiini cha taulo ya kike ya kutupa kwa vifaa vya nyumbani, nikikwepa plastiki kadiri ninavyoweza. Ukiichana taulo ya dukani utakuta juu kuna kitambaa kisichofumwa, mara nyingi cha plastiki ya polipropilini, chini kabisa kuna ngozi nyembamba ya polithini, na katikati kuna kiini: nyuzi za mbao zilizochambuliwa hadi zikawa kama sufi, mara nyingi zikichanganywa na chembe zinazofanana na sukari. Chembe hizo ni poliakrileti ya sodiamu. Ziweke kwenye maji yaliyokenekwa zitavimba mara mamia ya uzito wake. Tia chumvi kidogo, uwezo unashuka hadi makumi tu, kwa sababu kinachovuta maji ndani ya chembe ni tofauti ya chumvi kati ya ndani na nje. Ndiyo maana napima kwa maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita. Video za watu wanaomwaga jagi zima la maji ya bomba kwenye nepi na kushangilia hazinibabaishi tena.

Wiki za mwanzo nilizipoteza kwa ujinga. Nilinunua kamba ya katani nikaikatakata, nikachemsha, nikaosha, na nyuzi zikaelea juu ya maji kama bata. Kumbe kamba nyingi za katani hutiwa mafuta wakati wa kusokotwa. Nikatafuta nyuzi ghafi. Kisha nikachemshia soda kali kwenye sufuria ya alumini. Msifanye hivyo. Soda inaila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Povu lilipanda, nikazima jiko, nikakimbilia nje, na niliporudi sufuria ilikuwa na vishimo kama mbao iliyoliwa na mchwa. Tangu hapo natumia chuma cha pua, glavu ndefu na miwani, hata siku za uvivu.

Mapishi yametulia hivi: nyuzi gramu 100 zilizokatwa sentimita 2, soda gramu 15, maji lita moja na nusu, moto mdogo kwa saa tatu, kisha kuosha hadi karatasi ya kupimia isionyeshe ukali tena. Maji hutoka rangi ya chai nzito. Hiyo ni lignini, gundi inayoshikilia nyuzi za mmea na kuzifanya zisipende maji. Mkonge una lignini kama asilimia 10, wakati mbao za misonobari zina 25 hadi 30, kwa hiyo hauhitaji mitambo ya shinikizo kubwa. Baada ya hapo naloweka kwenye hidrojeni peroksaidi ili zipauke. Huko kupauka ni kwa ajili ya macho zaidi. Uwezo wa kunywa maji uliongezeka kidogo tu.

Hapo ndipo nilipokwama. Rojo, yaani zile nyuzi zilizochemshwa, likiwa bichi lilikuwa laini, la kupendeza. Nikalitandaza kwenye chekeche, nikaanika, na kesho yake nikakuta kadibodi. Nikaitia kwenye blenda kavu: nusu vumbi, nusu vigae. Hiyo ndiyo namba 4. Nikaamini mkonge ndio mbaya, nikahamia mgomba, nikapata kadibodi nyingine. Nikajaribu magugu maji, kadibodi tena, safari hii yenye harufu. Kurasa nyingi za daftari langu la wakati ule ni majina ya mimea yaliyopigwa mstari.

Nilijiliwaza kwa kisa cha Arunachalam Muruganantham wa India, aliyehangaika kwa muda mrefu na pamba kabla ya kugundua kwamba taulo za viwandani zilikuwa na nyuzi za mbao. Ila mimi nilikuwa nimepotelea upande wa pili. Yeye alikosa kitu sahihi. Mimi nilikuwa nacho mkononi nikakiharibu mwenyewe kila jioni kwenye kamba ya kuanikia.

Maana maji yanapoondoka polepole, huzivuta nyuzi zikakaribiana, na selulosi, kitu kikuu kinachojenga nyuzi za mmea, ikigusana na selulosi hushikana kwa vifungo vya haidrojeni. Vifungo hivyo ndivyo vinavyoifanya karatasi iwe karatasi. Vikishafungwa, havifunguki vyote hata ukilowesha tena. Mtengeneza karatasi anavitaka. Kwangu mimi ni adui. Hata Cellucotton, kitu kilichotumika kama bandeji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kuingia sokoni mwaka 1920 kwa jina la Kotex, ilikuwa rojo la mbao tu. Kilichokuwa kipya ni kulifanya liwe tabaka nyingi nyembamba zilizokunjamana badala ya karatasi moja ngumu. Nilikuwa nimelijua hilo siku nyingi bila kuliunganisha na kadibodi zangu.

Nimejaribu njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa kilainishi cha nguo, matone machache kwenye maji ya mwisho ya kuoshea. Nyuzi zikatoka laini ajabu, nikampigia dada yangu simu kwa furaha. Tone la maji lilikaa juu yake kama liko kwenye jani la mgomba, halikuzama. Kilainishi huacha utando wa mafuta juu ya nyuzi. Dada akacheka sana, na bado anacheka.

Ya pili, kuosha mara ya mwisho kwa spiriti. Spiriti husukuma maji nje, na yenyewe haina nguvu ya kuzivuta nyuzi pamoja inapokauka. Rojo lilikauka likiwa jepesi, blenda ikalichambua kwa sekunde 20, likawa sufi kweli. Namba 31 imetoka huku. Kasoro ni kwamba spiriti ni ghali na mvuke wake unashika moto, na blenda hutoa cheche. Naanika nje siku mbili, na blenda haiguswi kama bado nasikia harufu.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, ingawa matokeo yake ni madogo: mara 9. Nakamua rojo, nalichambua kwa mikono likiwa na unyevu, natia kwenye ndoo yenye kifuniko cha wavu, kisha napuliza hewa ya moto kwa kikaushia nywele kupitia tundu la ubavuni huku ndoo ikiviringishwa. Nyuzi zinakauka zikiwa zinarukaruka, hazipati nafasi ya kulaliana. Viwandani nako kuna vikaushio vinavyopeperusha nyuzi kwenye hewa ya moto. Yangu ni ndoo na subira. Kuviringisha kwa dakika 40 kunachosha mkono, kwa hiyo wiki hii natafuta mota ndogo.

Kunywa ni jambo moja, kuyashika maji taulo ikikaliwa ni jingine. Nakata vipande vya sentimita 10 kwa 10, namwaga mililita 10 za maji ya chumvi, naweka karatasi kavu iliyopimwa uzito, kisha ubao na chupa mbili za lita moja juu yake kwa dakika moja. Hapo namba 31 ilirudisha gramu 3 na nusu. Ya dukani haikufika nusu gramu. Aibu kidogo, lakini naielewa: chembe zile hufunga maji ndani ya jeli, wakati sufi yangu huyashika kwenye nafasi kati ya nyuzi, na ukiikandamiza nafasi zinapungua.

Kwa hiyo nimeanza jeli ya kaboksimethili selulosi, unga ule wa kufanya vitu vizito, nikiiunganisha kwa asidi ya sitriki kwenye oveni. Joto likiwa dogo inayeyuka kuwa mlenda. Likizidi inakuwa kioo kisichovimba. Kuna dirisha jembamba katikati ambalo nimelipata mara moja tu, na sikuandika dakika. Najichukia.

Unga huu una historia inayonitia adabu. Aina yake ilikuwemo kwenye tamponi ya Rely, iliyoondolewa sokoni Marekani mwaka 1980 ikihusishwa na ugonjwa wa mshtuko wa sumu. Mimi sitengenezi kitu cha kuvaliwa ndani ya mwili, na hata hiki cha nje hakijavaliwa na mtu. Dada ameomba mara mbili. Nimekataa mara mbili: sijapima vijidudu, na jiko langu si maabara.

Ngozi ya chini nimeijaribu kwa karatasi iliyopakwa nta ya nyuki. Inazuia maji vizuri hadi uikunje, halafu inapasuka kwenye mkunjo. Nimeiacha kwanza.

Tabaka la juu ndilo linaloninyima usingizi sasa. Kitambaa cha pamba hubaki na unyevu unaogusa ngozi. Polipropilini yenyewe haipendi maji. Hupakwa kitu kidogo kinachoruhusu majimaji yapite, kisha uso ukabaki mkavu. Nimefungua mifuko ya chai iliyotengenezwa kwa asidi ya polilaktiki, nikaishona juu ya namba 31, na marudio yameshuka hadi gramu 2. Plastiki hiyo huoza vizuri kwenye joto la mboji ya kiwandani, karibu nyuzi joto 60, si kwenye shimo la nyuma ya nyumba, kwa hiyo siiiti ushindi. Namba 32 iko ndooni. Nimeiweka jeli upande mmoja tu ili nione maji yatakimbilia wapi.