Chumvi imegoma kutoka
Masika haya chumvi ya Dar haimwagiki. Jana nipo kwa muuza chipsi Kinondoni, natikisa kichupa, nagonga mezani, wapi! Matundu yote yameziba. Jamaa akakichukua, akafungua kifuniko, akatia punje za mchele mkavu, akatikisa, akanirudishia. Ikatoka.

Chumvi inavuta unyevu wa hewani, na hewa ya huku pwani mnaijua wenyewe. Mchele unapunguza ule unyevu, halafu ukitikisa, punje zinavunjavunja mabonge. Viwandani wana dawa yao: mwaka 1911 kampuni ya Morton ya Marekani ilianza kuchanganya chumvi na magnesiamu kaboneti isigandamane.

Ila vinavyonifurahisha mimi ni vile vichupa vya kauri. Udongo mlaini kama uji unamiminwa kwenye kalibu ya plasta. Plasta inanyonya maji, tabaka jembamba linashika pembeni, unaobaki katikati unamwagwa. Ndiyo maana ndani ni tupu. Matundu yanatobolewa kabla ya kuchomwa tanuruni, na chini panaachwa tundu la kujazia lenye kizibo cha mpira (ambacho lazima kipotee, sijui huwa kinaenda wapi).

Pilipili manga ndiyo siitii humo. Ikishasagwa harufu inakimbia. Nanunua nzima, ya Muheza nikiipata, naitwanga supu ikiwa tayari. Mtu akinisogezea ule unga wa kijivu uliokaa mezani tangu Krismasi, naomba ndimu tu.