Mbatata

Siku ya nne leo na bado nalisikia. Harusi ya mdogo wangu imepita salama, alhamdulillah, kazini ile barua niliyoisubiri toka Machi imetoka, na mimi nimekaa hapa namuwaza muuza pweza.

Ilikuwa Ijumaa baada ya magharibi, Forodhani. Mama ana sheria yake, mnaijua: hali kilichopangwa mezani toka alasiri, anasubiri kilicho juu ya makaa. Kwa hiyo tukasubiri. Kijana, kofia nyeupe ya mpishi imemshukia hadi kwenye nyusi, alikuwa akigeuza minyiri ya pweza, ncha zimejikunja na kuanza kuungua kidogo, vile nivipendavyo. Nikamwambia, "Niwekee hiyo, na viazi kidogo."

"Mbatata, dada. Viazi mwasema nyie wa bara." Akanikamulia ndimu. "Karibu Zanzibar."

Karibu Zanzibar! Mimi niliyezaliwa Mwembeladu, nikakulia Kikwajuni, niliyekuwa nakuja hapa kunywa juisi ya miwa kabla bustani haijatengenezwa upya 2009, yeye pengine ananyonya!

Nikacheka tu, kicheko cha meno. Majibu yamekuja baadaye: usiku kitandani, Jumamosi ukumbini katikati ya vigelegele, juzi kwenye boti. Kila mara nasema vizuri zaidi. Kila mara anabaki na koleo lake mkononi, ananitazama kwa upole. Hakuwa na ubaya hata kidogo, na hilo ndilo linalouma. Miaka 12 ya Mbagala imeniingia mdomoni bila hodi.

Tulikaa ukutani, vijana wanachupa baharini na giza linaingia. Mama alikuwa akiliangalia Beit al Ajaib kama anayemtazama mgonjwa, ndivyo alivyo toka lilipoporomoka upande Desemba 2020. Nikadhani hajasikia kitu.

"Mimi nilipotoka Wete," akasema, "walinicheka kwa Kipemba changu, nikawa namtuma mtoto wa jirani dukani. Mwezi mzima."

Mama! Mama ambaye nilidhani mji huu ni wake toka tumboni. Nikamgeukia, yeye kanyoosha mkono kwenye sahani yangu.

"Hebu nipe hicho kiazi chako."

Tulicheka mpaka juisi ikamwagika kwenye buibui lake.

Friji imeanza tena ule mlio. Changu wote niliofungiwa na mama wamo humo, na fundi hapokei simu.