Usiku Mantovani Alipoingia Kuze

Ami yangu alikuwa mpiga fidla wa taarab, na nyumba yake ya Kuze, Mombasa, haikukosa watu jioni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, nami ni kijana wa shule, mtumishi wa kahawa wa nyumba nzima. Siku hiyo ami alirudi kutoka Kizingo, kwenye mnada wa vitu vya Mwingereza mmoja aliyekuwa akihama. Wenzake walinunua viti na makabati. Yeye alikuja na santuri moja kwapani: Mantovani na okestra yake.

Baada ya Isha wakaja watu wa kikundi chake: mzee wa ganuni (ile ala ya nyuzi nyingi), mpiga akodioni, kijana wa dumbaki na mpiga fidla wa pili. Nikamimina kahawa, nikapitisha kashata. Ami akaipangusa santuri, akaiweka kwenye gramafoni, akashusha sindano. Kikaanza kibao kiitwacho "Charmaine".

Mwili ulinisisimka. Sauti ya fidla nilikuwa nimelelewa nayo, lakini hizi zilikuwa nyingi mno, na hazikuwa zikienda sambamba. Noti moja ililia ikakaa pale pale, nyingine ikaingia chini yake, kisha ya tatu, ya nne, mpaka wimbo wote ukawa unateremka kama mvua inayochuruzika kwenye makuti. Ya kwanza haijazimika, ya mwisho ishaingia.

Mzee wa ganuni akatua kikombe. "Mwimbaji ataingia lini?"

"Haingii, mzee wangu. Hamna mwimbaji."

"Basi wasema nini huu wimbo?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Taarab ni ushairi kwanza. Watu walikwenda harusini kusikiliza fumbo limefumbwa vipi, limempata nani, na nani atalijibu kwa beti zake wiki ijayo. Fidla, udi na ganuni huyabeba maneno hayo, huyapamba, huyapa pumzi. Kwetu kila wimbo ulikuwa na mwenyewe, na ukionekana kuufurahia sana uliulizwa uko upande wa nani.

"Charmaine" haikuniuliza kitu. Ndiyo raha niliyoipata usiku ule, na mpaka leo ndiyo ninayoitetea ninaposikia wajuzi wakisema muziki huu mwepesi ni wa kupoozea masikio tu. Naam, unapooza. Kijana aliyezungukwa na maneno kutoka asubuhi hadi usiku, ya chuoni, ya shuleni, ya barazani, alipewa dakika chache za kufurahi bila kudaiwa maelezo. Hilo si jambo dogo. Wala wepesi ule haukuja wenyewe. Umefanyiwa kazi na watu walioijua kazi yao.

Nilikuja kusoma baadaye namna ulivyotengenezwa. Wimbo wenyewe ni wa miaka ya 1920, wa zama za filamu zisizo na sauti. Mantovani, aliyezaliwa Venice mwaka 1905 na kukulia Uingereza, aliurekodi mwaka 1951. Aliyeupanga upya ni Ronald Binge, ambaye zamani alikuwa mpiga akodioni wa Mantovani mwenyewe. Binge alizigawa fidla mafungu, kila fungu likashika noti yake na kuivuta huku fungu jingine likiingia, ili usikie mwangwi kama uko ndani ya kanisa kubwa la mawe. Hakukuwa na mtambo wa kutia mwangwi. Ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi, ukapigwa na mikono ya watu.

Ami hakuwa amesoma hayo, lakini sikio lake lilimwambia. Alirudisha sindano mara kadha wa kadha, macho kayafumba, kisha akatoa fidla yake kwenye kasha. "Wewe shika ya juu, uivute, usiiachie," akamwambia mpiga fidla wa pili. "Mimi nitaingia chini yako." Akodioni akapewa ya tatu. Kijana wa dumbaki akayakamata yale mapigo ya tatu-tatu kwa ncha za vidole. Walikosea, wakacheka, wakaanza tena. Fidla mbili haziwezi kuwa okestra, lakini palikuwa na kipande kifupi, labda noti sita au saba, ambapo sauti zilishikana na kuteremka sawasawa, na mpita njia mmoja akasimama chini ya dirisha akauliza kunani leo kwa mwalimu wa fidla.

Mzee wa ganuni hakugusa ala yake usiku ule. Alisema atautilia maneno wimbo huo, maana sauti nzuri hivyo kukaa bila shairi ni israfu. Ami akamkatalia kwa heshima: "Huu uache hivi, mzee wangu. Mashairi tunayo mengi." Wakabishana mpaka dele likaisha kahawa, wakaagana bila kukubaliana.

Kesho yake, baada ya Alasiri, nilifungua mlango nikamkuta yeye, ganuni imefungwa kwenye shuka. Nikamshikamoo. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Ami yako yupo? Jana hatukuusikiliza upande wa pili."