Kanda za harusi ziko salama

Hatimaye kanda za MiniDV (zile kaseti ndogo za kamera ya video) za harusi ya dada zimeingia kwenye kompyuta, na picha haijapungua ubora hata chembe. Nimetumia waya wa FireWire, unaounganisha kamera na kompyuta. Video ya kanda hizi tayari ni ya kidijitali, kwa hiyo waya huo unainakili kama ilivyo. Ule wa njano wa kuchomeka kwenye TV huigeuza kuwa analogia, na hapo ndipo rangi zinapochuja. Marehemu bibi anaonekana akipiga vigelegele, hadi jina la kanga yake linasomeka! Kanda ya saa moja huchukua saa nzima kuhamishwa na hula takriban GB 13, andaeni nafasi. Mlio nazo kabatini msisubiri, joto na unyevu wa huku pwani vinaotesha utepe ukungu.