Bomu la kina na watu walio majini

Filamu nyingi za nyambizi hudanganya pale pale zinapopendwa: kwenye milipuko. Bomu la kina, yaani pipa la vilipuzi ambalo meli huliangusha lilipukie chini ya maji, linapasuka ubavuni, taa zinazimika, bomba linavuja, mtu anafunga vali, safari inaendelea. Katika Vita vya Pili vya Dunia, bomu la Mark VII la Waingereza lilibeba kilo 130 hivi za vilipuzi. Likilipuka mita 6 au 7 kutoka kwenye nyambizi, chuma kilipasuka, wala hapakuwa na vali ya kufunga. Likikosea mbali kidogo, lilivunja taa na geji tu. Vita vyenyewe vilikuwa vya kubahatisha mita chache.

Filamu ya The Cruel Sea ya mwaka 1953, inayohusu vita hivyo na iliyoongozwa na Charles Frend, inalijua hilo. Hata manowari yake ni korveti (manowari ndogo ya kusindikiza) halisi, Coreopsis, iliyowahi kutumiwa na jeshi la majini la Ugiriki. Tukio linalonikaa ni la Kapteni Ericson (Jack Hawkins): sona, mtambo wa kutafuta nyambizi kwa sauti, inaonyesha nyambizi iko chini ya mabaharia wa meli iliyozama, wanaoelea wakisubiri kuokolewa. Anaamuru mabomu.

Asiyejua mitambo atamwona katili, basi. Sona ya wakati ule ilipeleka mlio mbele ya meli na kusikiliza mwangwi. Meli ikikaribia, nyambizi inakuwa chini ya mlio huo, na katika mita 200 hivi za mwisho opereta hasikii kitu. Mabomu nayo yaliangushwa kutoka tezi, yaani nyuma ya meli, yakazama mita 3 hivi kwa sekunde. Nyambizi iliyo mita 90 chini ina nusu dakika ya kukata kona. (Nusu dakika hiyo ukitaka kuiona kutoka ndani, tazama filamu ya Kijerumani Das Boot ya 1981, hapo hofu yote iko masikioni.) Na meli haiwezi kwenda polepole, la sivyo mlipuko unaibomoa tezi yake yenyewe. Ndiyo maana hapakuwa na kuokoa kwanza halafu kupiga. Aliye majini hauawi na vipande vya chuma. Mgandamizo wa maji humpita mwilini na kupasua palipo na hewa, yaani mapafu na utumbo.

Afrika Mashariki tunalo la kwetu. Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na mamia ya askari wa mizinga wa huku. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido, ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300. Manowari Paladin ilishusha boti kuokoa watu, Petard ikaangusha mabomu ya kina huku manusura wangali wakielea. I-27 ikaibuka. Paladin ilijaribu kuigonga ikaumia yenyewe. Petard ikarusha topido 7, na ni ya mwisho tu iliyopata.

Wale wa Petard na Paladin angalau waliiona nyambizi. Ericson, filamu inamnyima hata hilo.