Tikiti Niliyoichana

Mjomba wangu alikuwa saisi pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, kwa miaka mingi. Aliwahi kumwona kwa macho yake Beryl Markham, yule rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1936, ambaye uzeeni aliishi katika nyumba ndogo palepale uwanjani hadi akafariki 1986. Mjomba alilisha farasi, akawaosha, akalala nao zizini walipougua. Kubeti hakubeti hata siku moja.

Jumapili moja ya Novemba 1995 nikamwomba tuandamane. Nilikuwa na shilingi 200 na daftari. Usiku nilikuwa nimekesha na kijitabu cha mbio nikipiga hesabu: nani alishika nafasi ya ngapi mara ya mwisho, nani kabebeshwa kilo ngapi. Maana farasi anayeshinda sana huongezewa uzito, vipande vya madini ya risasi vinatiwa chini ya tandiko ili wanyonge nao wapumue. Niliamini nimeshavumbua siri.

Mjomba akafunua kurasa mbili, akanirudishia daftari. "Hii ni kazi nzuri, mjomba. Sasa njoo uwaone wenyewe."

Tukasimama kwenye ua, pale farasi wanapotembezwa kabla ya kutoka. Yule niliyempigia mstari mara mbili alipita akitikisa kichwa, shingo imelowa, na katikati ya mapaja ya nyuma povu jeupe kama la sabuni ya kufulia. "Huyu mbio zake amezimaliza hapahapa," mjomba akanong'ona. Akanionyesha mwingine, mpole, kila akitembea kwato ya nyuma inakanyaga mbele ya alama iliyoachwa na ya mbele. "Huyo hatua anayo. Na miguu mipana, mvua ya jana haitamsumbua."

Mimi nikaenda na daftari. Shilingi 50 juu ya mwenye povu. Akawa wa pili kutoka mwisho.

Mbio za pili nikamfuata mjomba, tukashinda, na furaha yangu ikaishia dirishani. Nilitoa 50, nikapewa sitini na kitu. Toti, yaani mfumo wa kubeti wa pale uwanjani, ni chungu kimoja: pesa za wote zinamiminwa humo, wenye uwanja wanachota chao, kinachobaki kinagawiwa walioshinda. Farasi aliyeonwa na kila mtu anamshibisha kila mmoja kidogo sana.

Za tatu na za nne zilinila. Kufika za tano nilikuwa na 100 tu, nauli ikiwa ndani yake. Mjomba akawakata mmoja mmoja kwa kidole mpaka wakabaki wawili. Mmoja ni jike wa kahawia aliyebeba uzito mdogo kuliko wote, masikio yamesimama, hana habari na mtu. Watu walikuwa hawamtaki. Nikamwekea zote 100, mjomba akaenda kuwasalimu masaisi wenzake.

Jike alikuja kwa nje, zimebaki kama mita 200, moyo wangu unataka kutoka. Aliyetangulia akamyumbia, akambana, jike akapoteza mwendo, kisha akaanza tena. Akashindwa kwa urefu wa kichwa tu. Nikaichana tikiti vipande vinne, nikavitupa hewani kama mchele wa harusini.

Mjomba akarudi amekunja uso. "Tikiti iko wapi?"

"Ya nini tena?"

"Ala! Majoki hawajapimwa!"

Sikujua kwamba joki, yule anayempanda farasi, akishuka hurudi kwenye mizani na tandiko lake, na kwamba hata nguzo ya mwisho ikishapitwa, aliyebanwa anaweza kuweka pingamizi. Kipaza sauti kikakohoa. Pingamizi lipo. Tukangoja dakika ambazo sitazisahau, nikiomba Mungu, kwa mara ya kwanza, farasi wangu asishinde. Kikasema tena: jike ndiye wa kwanza.

Nikapiga magoti kwenye nyasi mbichi, mtu mzima na suti ya kuazima, nikipekua tikiti za watu. Vipande vitatu nilivipata. Cha nne ndicho kilikuwa na namba ya farasi. Dada wa dirishani alivipanga kwa kucha, akanitazama kwa huruma, akavisukuma kurudi kwangu.

Tulitembea kwa miguu hadi Dagoretti Corner. Matatu za 111 zilitupita zikipiga honi, na mjomba njia nzima akanisimulia mguu wa nyuma wa farasi fulani atakayekimbia Jumapili ijayo.